Marudio ya Baiolojia ya Kidato cha Sita kwa Daftari Lililofungwa

Mwanafunzi wa mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) au CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia) anapoingia muhula wa mwisho wa kidato cha sita huwa amekusanya rundo la madaftari ya Baiolojia, na jambo la kwanza linalomjia ni kuyasoma yote upya kuanzia mada ya seli hadi mada ya ikolojia, huku akipaka rangi kila sentensi anayoiona kuwa ya maana. Nilisoma mchepuo huo katika shule ya bweni ya Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kisha nikarudi darasani kuwa mwalimu wa somo hilohilo, na kadiri miaka inavyopita ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba marudio ya Baiolojia huanza pale daftari linapofungwa. Kusoma ni kazi ya kidato cha tano na ya miezi ya mwanzo ya kidato cha sita. Kazi inayobaki kati ya mtihani wa utamilifu na mtihani wa taifa wa mwezi Mei ni nyingine kabisa, nayo ni kuyatoa kichwani yale uliyokwisha kuyaweka na kuona yanavyoshikana.

Aliyenifundisha hivyo alikuwa mwalimu wetu wa kidato cha sita, mzee mpole aliyekuwa akija darasani wakati wa prepo ya usiku, yaani muda wa kujisomea, na fungu la karatasi zilizokwisha kutumika upande mmoja. Alimgawia kila mtu karatasi yake, akatuamuru tufunge madaftari, kisha akaandika ubaoni agizo moja tu: "Ifuate punje ya wali kutoka kinywani mpaka inapotoka puani ikiwa kaboni dioksidi." Hakuna mada yoyote katika mtaala inayoitwa hivyo, na ndiyo maana agizo lile lilitutoa jasho. Ilitubidi tuanze na amilesi ya mate, tuendelee na kimeng'enya cha kongosho, tufike kwenye vijinyoleo vya utumbo mwembamba na mshipa unaopeleka damu kwenye ini, tuingie ndani ya seli ambako glukosi huvunjwa kuwa piruveti, tuvuke utando wa mitokondria mpaka kwenye mzunguko wa Krebs, kisha tuikokote ile kaboni dioksidi, ambayo sehemu yake kubwa husafiri katika damu ikiwa bikaboneti, mpaka kwenye vifuko vya hewa vya mapafu. Katika safari hiyo moja tulipita kwenye mada nne ambazo madaftarini zilitenganishwa na miezi mingi.

Tulipomaliza tuliruhusiwa kufungua vitabu na kujaza kwa kalamu nyekundu kila kilichokuwa kimekosekana. Karatasi yenye wekundu mwingi haikuwa aibu kwa mtu, kwa sababu mwalimu alituambia wazi kwamba ule wekundu ndio marudio yetu ya kesho yake. Mwanafunzi anayesoma daftari zima husoma kwa nguvu ileile yale anayoyajua na yale asiyoyajua, ilhali karatasi tupu humwonyesha mahali hasa mnyororo ulipokatika. Kwa mwanafunzi mwenye Fizikia na Kemia zinazomsubiri, pamoja na Hisabati ya ziada na Maarifa ya Jumla, muda anaouokoa kwa njia hiyo ni mali kubwa.

Miaka mingi baadaye, nilipokwisha kuwa mwalimu, nilisoma kuhusu majaribio ambayo Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani waliyachapisha mwaka 2006. Wanafunzi waliorudia kusoma kifungu cha maandishi walifanya vizuri zaidi walipopimwa baada ya dakika tano, lakini walipopimwa baada ya wiki moja, waliokuwa wamejipima kwa kukumbuka bila maandishi ndio waliowapita wenzao kwa mbali. Matokeo hayo yananieleza jambo ninaloliona kila mwaka. Kusoma upya kunaleta hisia ya kweli kabisa ya kuelewa, na hisia hiyo inadumu mpaka taa za prepo zinapozimwa. Mtihani wa taifa haufanywi dakika tano baada ya prepo.

Mada inayolipa zaidi kwa njia hii, kwa maoni yangu, ni ile ya figo. Mwanafunzi mmoja alinijia ofisini akaniambia, "Mwalimu, mada ya figo nimeisoma sana, ila swali likigeuzwa kidogo tu ninapotea." Nilimwomba achore nefroni, yaani kijimrija cha figo kinachochuja damu na kutengeneza mkojo, bila kuangalia popote, naye akaichora vizuri na kuzitaja sehemu zote: kapsuli ya Bowman, mrija uliopindapinda wa kwanza, kitanzi cha Henle, mrija uliopindapinda wa pili na mrija wa kukusanyia mkojo. Majina yalikuwa kamili, lakini mchoro haukuwa na sababu hata moja. Tukaanza kuuliza swali moja kwa kila sehemu, nalo ni kwa nini sehemu hiyo iwepo.

Figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku, na mkojo unaotoka ni karibu lita moja na nusu tu, kwa hiyo hoja kubwa ya mada nzima ni namna maji yote hayo yanavyorudishwa. Maji hayasukumwi na pampu yoyote. Yanafuata chumvi kwa osmosisi, na hivyo lazima kuwe na mahali penye chumvi nyingi panapoyavuta. Mahali hapo ni sehemu ya ndani ya figo, na kinachopafanya pawe na chumvi ni kitanzi cha Henle: mkono wake unaopanda hutoa sodiamu na kloridi lakini hauruhusu maji kupita, ilhali mkono unaoshuka huruhusu maji kutoka. Mrija wa kukusanyia mkojo unapita katikati ya eneo hilo lenye chumvi, na ikiwa homoni ya ADH ipo, kuta za mrija hupitisha maji, nayo yanavutwa na kurudi kwenye damu. Mkulima aliyeshinda juani Dodoma bila maji ya kunywa damu yake huongezeka ukali wa chumvi, haipothalamasi iliyo ndani ya ubongo hulitambua hilo, tezi ya pituitari huachia ADH zaidi, na mkojo wake huwa mchache na wa njano iliyokolea.

Mwanafunzi alipoweza kuueleza mnyororo huo mwenyewe, nilimpa maswali ambayo hakuwa ameyaona katika daftari lolote. Kwa nini panya wa jangwani ana vitanzi vya Henle virefu sana, na kwa nini samaki wa maji baridi hana kitanzi kabisa? Ikiwa mgonjwa amepewa dawa inayozuia mkono unaopanda kutoa chumvi, mkojo wake utaongezeka au utapungua? Swali hili la mwisho huwatenganisha waliokariri na walioelewa. Aliyekariri hukumbuka kwamba chumvi isipotolewa haina pa kwenda, akakwama hapo. Aliyeelewa huona kwamba sehemu ya ndani ya figo itapoteza ukali wake wa chumvi, kwamba hakutakuwa tena na kitu cha kuvuta maji kutoka kwenye mrija wa kukusanyia, na kwamba mkojo utakuwa mwingi. Dawa za namna hiyo hutumika kweli hospitalini kwa wagonjwa waliovimba kwa kujaa maji mwilini. Mwanafunzi yule alilijibu swali akiwa amesimama, mkono mmoja ukiwa bado kwenye mchoro, na nilifurahi kuliko nilivyoweza kumwonyesha.

Mada nyingine hupata uhai zinapofungamanishwa na vitu ambavyo mwanafunzi anaviona kwa macho. Usanisinuru wa mimea ya C4 huonekana kuwa orodha kavu ya asidi mpaka mtu ajiulize kwa nini mahindi, miwa na mtama hustahimili jua kali kuliko mpunga na maharage. Siku ya joto vinyweleo vya jani hujifunga kuzuia maji yasipotee, kaboni dioksidi hupungua ndani ya jani, na rubisco, kimeng'enya ambacho kazi yake ni kushika kaboni dioksidi, huanza kushika oksijeni badala yake, jambo linaloupotezea mmea kaboni iliyokwisha kushikwa. Mahindi hukwepa hasara hiyo kwa kuishika kaboni dioksidi kwanza kwa kimeng'enya kingine kisichovutiwa na oksijeni, kisha kuipeleka ikiwa ndani ya asidi yenye kaboni nne hadi kwenye seli zinazozunguka mishipa ya jani, ambako huachiwa na kumfikia rubisco kwa wingi. Ukiisha kuelewa tatizo lenyewe, hatua za suluhisho huzisahau kwa shida.

Kwa jenetiki mfano wangu wa kudumu ni ugonjwa wa selimundu, kwa sababu wanafunzi wengi wana ndugu au jirani anayeumwa, na kwa sababu mfano huo mmoja hubeba karibu mtaala wote. Badiliko la herufi moja katika DNA huweka valini mahali pa asidi ya glutamiki, nafasi ya 6 ya mnyororo wa beta wa himoglobini. Hapo pana mada ya usanisi wa protini. Wazazi wawili ambao kila mmoja ana jeni moja ya kawaida (A) na moja ya selimundu (S), yaani AS kwa AS, katika kila mimba wana uwezekano wa robo moja wa kupata mtoto mwenye SS, yaani mgonjwa. Hapo pana Mendel na kanuni zake za urithi. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwa utafiti alioufanya Afrika Mashariki kwamba wenye AS wana kinga fulani dhidi ya malaria, na hiyo ndiyo sababu jeni yenye madhara hivyo haijatoweka katika maeneo yetu. Hapo pana uteuzi wa asili. Ninapowaagiza wanafunzi waandike ukurasa mmoja juu ya selimundu bila daftari, ninaweza kuona kwa mara moja ni ipi kati ya mada hizo tatu inayohitaji kurudiwa. Nawakumbusha pia kwamba katika maswali ya uzazishaji hatua zote ziandikwe, yaani wazazi, jenotaipu zao, gameti na uzao, kwa kuwa msahihishaji hawezi kutoa alama kwa hatua iliyobaki kichwani.

Uainishaji wa viumbe ni jambo jingine. Hapo kukariri hakuepukiki, na sioni haja ya kumdanganya mwanafunzi kwamba kuna njia ya mkato. Sifa za faila na madaraja zigawanywe kidogo kidogo kwa wiki nyingi, zirudiwe baada ya siku, baada ya wiki na baada ya mwezi, na ziambatane na kielelezo ambacho mtu amekishika mkononi: kangaga, kuvu la mkate, mnyoo, konokono, panzi.

Kuna suala la lugha ambalo kila mwalimu wa sekondari nchini analifahamu. Mtihani ni wa Kiingereza, na wanafunzi hufikiri na kubishana kwa Kiswahili. Wapo walimu wanaowakataza wanafunzi kabisa kutumia Kiswahili katika majadiliano ya kikundi, na ninaelewa hofu yao, lakini uzoefu wangu umenipeleka kwingine. Katika kikundi chetu cha wasichana watano tulikuwa na utaratibu kwamba anayefundisha aeleze kwanza kwa Kiswahili mpaka mwenzake aweze kumpinga, kwa kuwa mtu hawezi kupinga asichokielewa, kisha jioni ileile kila mmoja akiandike kitu hichohicho kwa Kiingereza, kwa sentensi kamili kama za mtihani. Sehemu ya pili ndiyo ambayo vikundi vingi huiacha. Mwanafunzi aliyeielewa mikondo ya sodiamu na potasiamu katika neva, ioni tatu za sodiamu zikitolewa kwa kila mbili za potasiamu zinazoingizwa, atakosa alama kama hajawahi kuliandika hilo kwa lugha atakayoulizwa.

Maswali ya mitihani iliyopita yana nafasi yake, na nafasi hiyo si ile ya kubashiri. Nimewaona vijana wakihesabu ni mwaka gani mada gani ilitoka ili wajue ya kuruka, na mtihani ukawajia na mada ileile waliyoiruka. Mimi huyatumia maswali hayo kwa kuangalia kitenzi cha amri kilichotumika. Swali linalotaka kutofautisha halijibiwi kwa kueleza kitu cha kwanza chote kisha cha pili chote; kila tofauti lazima isimame juu ya hoja moja, kama ni idadi ya seli zinazozalishwa iwe hivyo kwa mitosisi na kwa meiosisi, kisha ndipo uhamie hoja ya kubadilishana sehemu za kromosomu. Baraza la Mitihani la Tanzania hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, zikionyesha swali lilitaka nini na watahiniwa walijibu nini, na hata nakala za majibu mazuri na ya ovyo huwekwa humo. Nashangaa kwamba taarifa hizo husomwa na wachache, maana hakuna mahali pengine ambapo mwanafunzi anaweza kukaa upande wa meza wa msahihishaji na kuona anachokitafuta.

Karatasi ya vitendo ndiyo inayosahaulika zaidi katika marudio, na ndiyo inayosikitisha zaidi kuipoteza, kwa sababu mengi yake yanaweza kufanyiwa mazoezi mapema. Shule nyingi hazina kemikali za kutosha kwa kila mwanafunzi kurudia majaribio kila wiki. Hata hivyo utaratibu unaweza kurudiwa kwa kalamu, kwa kuchora jedwali lenye jaribio, hatua zake, kinachoonekana na hitimisho, mpaka mkono uuzoee. Kwa wanga ni myeyusho wa iodini na rangi ya buluu inayokaribia weusi. Kwa protini ni hidroksidi ya sodiamu kwanza, kisha matone machache ya salfeti ya shaba, na rangi ya zambarau. Panapowaangusha wengi ni sukrosi, ambayo haibadilishi rangi ya Benedict, kemikali ya kupimia sukari, mpaka ichemshwe kwanza na asidi hafifu ili ivunjike. Kisha lazima asidi hiyo izimuliwe kwa bikaboneti ya sodiamu, kwa kuwa Benedict hufanya kazi penye alkali. Aliyeielewa sababu hiyo hawezi kuisahau hatua yenyewe hata akiwa na wasiwasi wa chumba cha mtihani.

Upasuaji wa wanyama unadai mkono, na mkono haufundishwi na maandishi. Sisi tulianza na mende, kwa sababu walipatikana bila gharama, na nawaanzishia wanafunzi wangu hapohapo. Mende hubanwa kwa pini kwenye trei yenye nta akiwa ameangalia chini, mabawa yakaondolewa, kingo za mgongo zikakatwa kwa ncha ya mkasi iliyoelekezwa juu, na kazi yote ikafanyika ndani ya maji ili viungo vielee na kuachana. Hapo huonekana kifuko cha chakula, firigisi, na vile vijinyuzi vyembamba vya Malpighi vinavyoonyesha mahali utumbo wa kati unapokutana na wa nyuma. Ukiusogeza utumbo pembeni unaukuta uzi wa neva umelala upande wa tumbo, na mwanafunzi aliyeuona hapo hatauliza tena athropoda, yaani wadudu na jamaa zao, wanatofautianaje na wenye uti wa mgongo katika hoja hiyo. Kwa chura, anayelazwa chali, ngozi hukatwa peke yake kwanza. Misuli ikifuata, mkasi upite kando kidogo ya mstari wa katikati, kwa sababu veni kubwa ya tumbo inapita hapo katikati na ikikatwa damu hufunika kila kitu kabla mchoro haujaanza.

Mchoro wenyewe uwe wa penseli iliyochongwa, mistari isikatizwe wala kutiwa vivuli, mistari ya majina isipishane, na kilichochorwa kiwe kile kilichomo kwenye trei, si kile kilichomo kwenye kitabu. Wasahihishaji hutambua haraka mchoro ulioletwa kutoka nyumbani, kwa kuwa viungo vyake vimepangika kupita kiasi.

Wiki ya mwisho siwapi wanafunzi mada mpya. Nawataka wachukue karatasi zao za kalamu nyekundu, wachague zile ambazo wekundu haujapungua, na waziandike upya zikiwa tupu, moja asubuhi na moja jioni, kisha walale mapema, maana usingizi uliokatwa unaondoka na vile vilivyosomwa usiku huo. Na kwa kuwa Baiolojia ina karatasi mbili za nadharia na moja ya vitendo, zinazofanywa siku tofauti, nawasihi wasisimame nje ya chumba kubishana majibu ya karatasi waliyoikabidhi. Wapitie bwenini, wanywe maji, wachonge penseli, na waanze mara moja kuandaa ile inayofuata.